Nilitibiwa tumbo wiki tatu, kumbe jibu lilikuwa chini ya soksi

Wakuu, heshima mbele. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo mambo.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi, leo naandika. Haya yamenipata mwenyewe, sikusimuliwa. Pale nilipofanya ujinga nitasema ni ujinga. Majina nimebadili na hospitali sitaitaja, kwa hiyo msinifuate PM kuuliza.

Naandika kwa simu, mnivumilie.

Kwanza mnifahamu. Mimi ni mpishi. Niko Mikumi, kwenye mgahawa mmoja wa barabara kuu ambako madereva wa malori ya Tunduma wanashuka kula. Chapati, supu, wali maharage. Saa kumi na moja alfajiri niko jikoni, miaka saba sasa.

Mke wangu, nimwite Yunis, ni mwalimu wa shule ya msingi. Yeye yuko milimani upande wa Berega, Ukaguruni, ndiko kwao. Ukitazama ramani utasema tu majirani, wilaya yenyewe moja. Ila kwa gari za abiria siku inaisha: Ulaya (kijiji cha hapa hapa Kilosa, si kwa Wazungu), Kilosa mjini, Magole, halafu ndiyo unaanza kupanda.

Tuna binti mmoja, Anna, anakaribia miaka minne. Anaishi huko huko na mama yake na bibi yake.

Tulikubaliana Yunis atahamia Mikumi. Huu mwaka wa nne. Walimu pale shuleni ni wachache, yeye ndiye wa darasa la kwanza, na kila akiomba anaambiwa avute subira apatikane wa kubadilishana naye. Sisi tukawa wanandoa wa Krismasi na likizo ya Juni.

Siku zilizobaki ni simu. Jioni wakishakula, Yunis anasogea nyuma ya kanisa ambako mtandao unashika vizuri, anampa mtoto simu aniambie amekula nini. Mimi huku nimekaa juu ya kreti la soda, moshi wa jikoni bado uko kwenye shati, nasikiliza mtu akinihesabia maharage aliyokula.

Sawa. Sasa ugonjwa.

Ulianza kama mafua. Ilikuwa msimu wa baridi, koo likawasha, nikakohoa siku nne tano, nikapona bila hata dawa. Nani anakumbuka mafua?

Kama siku kumi baadaye, asubuhi nasukuma chapati, tumbo likashika. Katikati, kwenye kitovu, kama mtu anakamua nguo. Likakamua, likaachia. Likakamua tena. Nikainama juu ya meza ya unga mpaka likapita.

Nikasema gesi.

Nikagundua kitu kimoja: nikila, baada ya muda mfupi linaanza. Nisipokula, afadhali. Fikiria mpishi anayeogopa chakula. Nilikuwa napika supu ya watu hamsini, mimi nashindia chai ya rangi.

Duka la dawa wakanipa dawa za vidonda vya tumbo. Nikameza wiki nzima, hamna kitu.

Nikaenda sehemu moja ya vipimo, wakatoa damu na mkojo, majibu yakaja: taifodi na UTI. (Mtanzania gani hajawahi kuambiwa ana taifodi na UTI? Anyooshe mkono tumwone.) Nikachomwa sindano siku tano. Mkojo waliona una damu kidogo, wakasema ndiyo hiyo UTI yenyewe.

Katikati ya hayo, magoti na vifundo vya miguu vikaanza kuuma. Jioni nikivua viatu, vifundo vimevimba na soksi imeacha alama. Nikajiambia ni kusimama jikoni saa kumi na mbili kwa siku. Sikumwambia mtu yeyote wa vipimo habari ya miguu. Mimi nilienda kwa ajili ya tumbo, miguu nitaisemea nini?

Huo ujinga wa kwanza, uandikeni.

Ujinga wa pili: nilimficha Yunis. Kila jioni akiuliza habari nasema salama. Nilijua nikimwambia atataka kuja, na akija darasa la kwanza linabaki peke yake, halafu atarudi na mimi nitabaki na ule upweke wa mtu aliyetoka kutembelewa. Heri asije kabisa. Ndivyo nilivyokuwa nawaza, wakuu. Mtu akizoea kukosa, anaanza kuogopa kupata.

Wiki ya tatu nikatapika jikoni mbele ya wateja. Choo nacho kikawa cheusi, cha kunata. Mama mwenye mgahawa, tunamwita Mama Hadija, akanitazama akasema huyu hafiki kesho kutwa. Akakodi gari ya mtu, tukaondoka.

Tulipita Ulaya siku ya gulio. Baiskeli zimejaa barabarani na mikungu ya ndizi, dereva anapiga honi, hakuna anayeharakisha. Mimi nimelala kiti cha nyuma nimekunja magoti kifuani. Njia ile ndiyo ninayopita kila Krismasi nikienda kwa mke wangu. Siku ile niliifumbia macho.

Hospitali walinipokea vizuri, nasema ukweli. Wakanitundikia drip, wakanipiga ultrasound. Daktari wa upasuaji, mzee mtaratibu, akanibonyeza tumbo pande zote. Akasema utumbo unaonekana umevimba ukuta wake, inaweza kuwa kidole tumbo, inaweza kuwa utumbo umeanza kujifunga. Watanitazama mpaka kesho jioni. Nisipopata nafuu, nafunguliwa tumbo.

Akataka ndugu awepo.

Mama Hadija akachukua simu yangu akatoka nayo nje. Aliporudi nikamuuliza Yunis amesemaje. Akasema hakuuliza chochote zaidi ya jina la hospitali, akakata.

Kesho yake saa tisa alasiri nikamwona anaingia wodini. Nguo imejaa vumbi jekundu la Magole, kichwani kitambaa kile cha shuleni. Alikuwa ametoka kwao gizani, amebadilisha magari matatu. Akasimama miguuni pa kitanda, hakulia. Akaniambia umekonda. Basi.

Halafu akafanya kitu ambacho mpaka leo nakikumbuka. Akaenda kwa muuguzi, akamwamkia, akaomba beseni na maji ya uvuguvugu. Alisema mtu hawezi kuingia kwenye kisu na miguu michafu.

Ni kweli ilikuwa michafu. Nililetwa na suruali ya kazini na soksi, na kwa jinsi nilivyokuwa natetemeka kwa baridi niligoma kuvivua. Wote walionipima walipandisha shati, wakashusha suruali kidogo kiunoni, wakabonyeza tumbo. Mgonjwa ni wa tumbo, atatazamwa miguu ya nini?

Yunis akapandisha suruali mpaka magotini. Akavuta soksi.

Akasogeza mguu kwenye mwanga.

Madoa. Mengi. Kuanzia vifundoni kupanda juu ya muundi, mengine kama punje ya mtama, mengine kama kifungo cha shati. Mimi ni mweusi, wakuu, damu chini ya ngozi yangu haionekani nyekundu. Yalikuwa rangi ya zambarau mbivu, ungedhani mtu amenimwagia juisi yake.

Akaniuliza haya yameanza lini. Nikamwambia ni mafuta, si unajua kukaanga, yanaruka.

Akapitisha kidole juu yake taratibu, kama anayesoma. Akasema, "Mafuta hayarukii chini ya soksi."

Huyu mwanamke anaijua ngozi yangu. Anajua kovu la panga lilipo na doa nililozaliwa nalo. Kwa miaka minne ameiona wiki chache tu kila mwaka, lakini pale pale alijua kuna kitu si changu.

Akamwita muuguzi. Muuguzi akatazama, akaenda kumwita daktari mwingine, mama wa makamo, wa magonjwa ya ndani.

"Shikamoo dokta," Yunis akasimama.

"Marahaba mwalimu, kaa," akajibu. Sijui alijuaje ni mwalimu. Labda ni chaki kwenye mkoba.

Yule daktari hakugusa tumbo langu kabisa. Alipiga magoti chini kwenye miguu. Akachukua bilauri ya kioo iliyokuwa mezani, akaikandamiza juu ya madoa, akachungulia ndani yake. Akasema alama ya kawaida ya ngozi ukiikandamiza hufifia. Haya hayafifii, maana yake damu imetoka nje ya mishipa.

Akaanza kuuliza. Magoti yanauma? Ndiyo. Kabla ya haya ulipata mafua au koo? Nikashangaa, nikasema ndiyo. Tumbo linauma zaidi ukila? Ndiyo. Ulimwambia nani habari ya miguu?

Hakuna.

Akarudia kipimo cha mkojo. Damu ipo, protini ipo, vijidudu hakuna. Akaangalia na chembe zile zinazogandisha damu, ziko kawaida. Kwa hiyo damu haikuwa inavuja kwa kukosa kuganda. Mishipa yenyewe ndiyo mibovu.

Akavuta kiti akakaa karibu na sisi wote wawili, akaeleza kwa lugha ninayoweza kuirudia hapa.

Alisema ugonjwa unaitwa vasculitis, ni kuvimba kwa mishipa ya damu, na kwangu ni ile midogo kabisa. Aina anayoishuku inaitwa IgA vasculitis. Mara nyingi inakuja baada ya mafua au koo. Kinga ya mwili inaamka kupigana na kijidudu, kijidudu kinaondoka, kinga haiweki silaha chini, inageukia mishipa ya mwenyewe. Watoto ndio huipata zaidi, watu wazima ni wachache, ila kwa mtu mzima figo zinaweza kuumia zaidi.

"Hayo unayoyaona miguuni," akaniambia, "ndiyo yako kwenye utumbo wako pia. Tofauti ni kwamba utumbo haujavaa soksi ya kuvua."

Kwa wengi madoa hutangulia, ndiyo maana hugundulika mapema. Kwa wengine tumbo hutangulia, siku kadhaa au hata wiki mbili, na hapo ndipo watu hupotea njia. Wengine hufunguliwa tumbo bure. Mimi sijui yangu yalitoka lini. Nilikuwa navaa soksi nikiwa na usingizi na kuzivua nikiwa na usingizi.

Sasa sikilizeni sehemu ngumu. Yule mzee wa upasuaji naye alikuja. Wakaongea pembeni kwa heshima, wakarudi wakatuambia wote wawili bila kuficha. Huu ugonjwa unaweza kweli ukaufanya utumbo ujiingize wenyewe kwa wenyewe, na hapo ni kisu tu. Lakini tumbo langu bado laini. Wanaweza kuahirisha, wanianzishie dawa ya kutuliza kinga, wanipime kila baada ya muda mfupi. Tumbo likikakamaa, tunaingia chumba cha upasuaji hapo hapo.

Mzee akasema uamuzi tunaufanya pamoja, lakini wao wawili wanaona tusubiri.

Nikamtazama Yunis. Mimi nilikuwa nimechoka, ningekubali hata kukatwa kichwa ili maumivu yaishe. Yeye ndiye aliyeuliza: mtakuwa mnampima kila baada ya muda gani, nani atakuwa zamu, na mimi nikiona tofauti namwita nani? Alipojibiwa yote ndiyo akasema tusubiri.

Nikaanzishwa hydrocortisone kwa mshipa, baadaye vidonge vya prednisolone. Siku ya kwanza hali ile ile. Yunis ameweka kiganja juu ya tumbo langu, kila baada ya muda anakandamiza kidogo kama anavyopima unga ulioumuka. Siku ya pili mkamuo ukaanza kuchelewa kurudi. Siku ya tatu nikanywa uji, nikasubiri maumivu. Hayakuja. Nikanywa tena.

Kipande kidogo cha ngozi ya mguu kilikatwa kikapelekwa Dar. Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa, yakasema ni kuvimba kwa mishipa midogo. Daktari akasema yanakubaliana na alichoshuku, ingawa kipimo cha kuthibitisha aina yenyewe hakikupatikana.

Wakuu, niwaambie kitu cha aibu.

Nililazwa siku nane. Zile siku, ukiondoa maumivu, zilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizopata tangu mtoto azaliwe. Naamka namwona mke wangu. Ananisimulia mwanafunzi wake anayeandika herufi zote zimegeuka nyuma. Anachana nywele zake kwenye kioo cha dirisha. Analalamika uji wa hospitali hauna sukari. Jioni tunaongea bila mtandao kukatika na bila kuulizana unanisikia.

Siku ya sita daktari alisema naendelea vizuri sana, na mimi moyoni nikasikitika.

Siku ya nane Yunis akanisindikiza mpaka Mikumi, akalala siku moja, akafua kila kitu, akarudi. Nilimsindikiza stendi. Gari ilipoondoka nilirudi chumbani nikakuta amekunja shuka langu kwa namna yake, kona kwa kona. Sikulala juu ya lile shuka siku tatu.

Tangu hapo ni miezi mitano. Tumbo halijarudi. Madoa yalitoka tena mara moja, machache, yakaisha. Vidonge nilipunguziwa kidogo kidogo mpaka nikaachishwa (msiache ghafla, nilionywa sana). Kila mwezi napima mkojo na presha kwa ajili ya figo. Damu imeisha, protini imeshuka, iko karibu kuisha kabisa. Daktari ananiambia hata ikiisha nisipotee, niendelee kupima.

Funzo la kitabibu ni hilo mmelisikia. Mimi si daktari, msijitibu kwa uzi wangu. Ila tumbo likikusumbua na dawa hazishiki, mwambie daktari kila kitu, hata unachodhani hakihusiani. Mwambie mafua ya mwezi uliopita. Mwambie magoti. Vua suruali, vua soksi, jitazame kwenye mwanga. Kama huwezi kujitazama, awepo wa kukutazama.

Na hapo ndipo penye jambo lenyewe lililonifanya niandike.

Wiki tatu zilizopita nilipata ruhusa nikapanda Berega. Sikuwaambia, nilitaka kuwashtukiza. Nilikuwa bado na uso ule unaovimbishwa na prednisolone, mashavu yamejaa kama nimeficha andazi kila upande.

Mama mkwe alinipokea. Nikamwamkia, akaitikia, akaniita mwanangu, akamwita Anna atoke.

Anna alitoka, akaniangalia, akajificha nyuma ya khanga ya bibi yake. Nikachuchumaa, nikamwita. Akazidi kurudi nyuma. Nikatoa maandazi niliyokuja nayo, akayachukua kwa mkono mmoja, mwingine umeshika khanga. Yunis alikuwa hajarudi kutoka shuleni, simu yake ameiacha nyumbani.

Nikaona nisimlazimishe. Nikatoka, nikaenda kusimama kule nyuma ya kanisa, mahali ambapo kwa miaka yote wao husimama kuongea na mimi. Sijui hata kwa nini, nikapiga namba ya Yunis. Bahati siku hiyo mtandao ulishika mpaka nyumbani; bibi akapokea, akampa mtoto.

Akachangamka mara moja. Akanisalimia vizuri, akaanza habari zake. Halafu akashusha sauti.

"Baba, kuna mtu amekuja hapa nyumbani."

Nikamuuliza ni mtu gani.

"Ana mashavu makubwa. Ametuletea maandazi." Akauliza, "Wewe utakuja lini?"

Wakuu, nilikaa chini kwenye nyasi pale pale.

Miaka minne nilikuwa nasubiri apatikane mwalimu wa kubadilishana na mke wangu. Yeye ana darasa la watoto sitini wanaomtegemea kusoma. Mimi nina karai na kifimbo cha kusukumia chapati. Kati yetu sisi wawili, nani anahamishika? Siku zote nilijua jibu, nilikuwa naogopa kuanza upya mahali ambako malori hayapiti.

Ilichukua siku mbili Anna kukubali kwamba yule wa kwenye simu na huyu wa mashavu ni mtu mmoja. Alikuwa ananiambia niongee, anafumba macho anasikiliza, anafumbua ananiangalia mdomo.

Kwa hiyo naomba mchango wenu. Waliowahi kuugua huu ugonjwa au kumuuguza mtu, semeni ilichukua muda gani figo kutulia, wengine tujifunze. Waliohama kumfuata mwenza, semeni mlianzaje.

Na wadau wa Berega, Magole na Dumila mliomo humu: huko kwetu juu chapati za asubuhi zina wateja? Nijibuni kwa ukweli hata kama ni mchungu, maana Mama Hadija nimeshamuaga jana.